Jinsi ya kutengeneza kadi za salamu zenye ndege wa uani kwa karatasi kuukuu

Kadi nyingi za Krismasi zinazouzwa madukani hapa Kigoma zina picha ya kindege mwenye kifua chekundu, amekaa kwenye tawi lililofunikwa na theluji. Ndege huyo ni wa Ulaya. Waingereza walimpenda kwenye kadi zao tangu karne ya 19, zama ambazo watarishi wa posta walivaa makoti mekundu na watu wakawapa jina la ndege huyo. Biashara yenyewe ya kadi ilianzia hukohuko: kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa ili iuzwe ilitoka London mwaka 1843, Henry Cole akiwa ndiye aliyeiagiza na John Callcott Horsley akiwa mchoraji. Kwao kifua chekundu ni ndege wa nyumbani. Anaonekana bustanini wakati wa baridi, na anayepokea kadi anamtambua mara moja.

Nasi tunao wa kwetu. Mnana anayefuma kiota kwenye mchikichi, tetere anayeokota punje za mchele mlangoni pa jikoni, chozi anayening'inia kwenye ua la mgomba: hakuna mtoto wa Ujiji au Mwanga asiyewajua. Mwongozo huu ni wa kutengeneza kadi yenye ndege hao kwa karatasi iliyokwisha kazi, rangi za jikoni na bahasha isiyo na nailoni, kiasi kwamba kadi ikifukiwa shimoni inaoza yote. Hilo la kuoza yote ndilo ninalolishikilia zaidi. Kadi yenye picha ya ndege, halafu ikamwagiwa vumbi la kumetameta na kuvalishwa plastiki, haimsaidii ndege yeyote. Vumbi lile kwa kawaida ni plastiki iliyosagwa, na mji wetu umekaa mteremkoni: kinachozolewa na mvua huku juu kinaishia Ziwa Tanganyika.

Kazi ifanye kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Mvua zikishaanza Novemba karatasi hazikauki vizuri, zinaota ukungu na kunuka.

Hatua ya kwanza: mtazame ndege kabla ya kugusa karatasi

Watu wengi hufungua simu, wakatafuta picha ya ndege mtandaoni na kuinakili. Usifanye hivyo. Picha ile ni mali ya aliyeipiga, na mara nyingi ndege mwenyewe si wa kwetu. Kaa uani asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, ukiwa na daftari na penseli. Ndege hawapo? Weka maji. Mfuniko wa sufuria uliotiwa maji kina cha vidole viwili, ukiwekwa kwenye kivuli cha mwembe, utawaleta, hasa Agosti na Septemba ambapo maji ni adimu. Badilisha maji kila siku ili mbu wasitage humo.

Ukimwona ndege, usianze kuchora umbo zima. Andika majibu ya maswali manne. Mdomo wake ni mnene na mfupi, au mwembamba uliopinda? Mkia ni mrefu kuliko mwili, sawa nao, au mfupi? Rangi inabadilikia wapi hasa: kwenye koo, kidarini, au chini ya mkia? Na anasimamaje, wima au amelala mbele? Majibu hayo manne yakiwa sahihi, hata mchoro wa mkono usio mzoefu utatambulika.

Hawa ndio ninaowapendekeza kwa anayeanza.

Mnana, ambaye wengine humwita kwera. Dume wakati wa kuzaliana ni wa njano, kichwa cheusi, jicho jekundu, mdomo mnene wa mkata mbegu. Viota vyao vinaning'inia kwenye makuti ya michikichi na minazi, mlango ukiwa upande wa chini. Dume ndiye anayefuma, kisha anajining'iniza chini ya kiota, anapigapiga mabawa na kupiga kelele akimwita jike aje kukagua. Jike asipokubali kiota, dume hukibomoa na kufuma kingine. Ukimweka dume na kiota chake kwenye kadi ya harusi au ya kuhamia nyumba mpya, mpokeaji wa Kigoma hahitaji maelezo.

Chozi mwenye kidari chekundu. Huyu anahitaji uvumilivu. Akiwa kivulini anaonekana mweusi mtupu, na kidari chake ni doa la damu ya mzee. Subiri ageuke kwenye jua: utosi na koo vinawaka kijani kwa nukta moja tu, halafu vinazimika tena. Rangi ile haimo ndani ya unyoya kama rangi ya nguo. Inatokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Kwa hiyo kwenye kadi usimpake kijani kichwa kizima. Mwache mweusi, weka alama ndogo ya kijani juu ya jicho na nyingine kooni, basi. Mdomo uchore mrefu na uliopinda, maana ndio anaoutumbukiza ndani ya maua kunyonya asali yake.

Shorewanda ni rahisi kuliko wote: mwili wa kahawia, kichwa cheusi chenye manyoya yaliyosimama kidogo, na njano chini ya mkia. Ile njano ndiyo inayofanya kadi. Watu wanamwona kila siku kwenye mpapai bila kuigundua.

Tetere ana madoadoa meusi kidarini yanayofanana na shanga. Binamu yake ana kola nyeusi nyuma ya shingo na hana madoadoa hayo. Chagua mmoja, usiwachanganye. Kunguru wetu wa huku bara ana kidari na kola nyeupe, mengine yote meusi, kwa hiyo ni ndege wa rangi moja tu ya kupaka, na anapendeza sana kwenye kadi ya mhuri. Mbayuwayu wa Ulaya hufika kwetu kuanzia Septemba na huwa wameondoka kufikia Mei. Mweke kwenye kadi ya kumuaga msafiri au mwanafunzi anayekwenda chuo.

Bundi mwache. Binafsi nampenda, anakula panya, lakini jirani atakayefungua bahasha na kukutana na bundi siku ya harusi ya mwanawe hatakushukuru. Kadi ni ya mpokeaji kwanza.

Na jambo la kisheria: usikamate ndege ili umchore, wala usimpige kwa manati. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda na kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wa porini ni wanyamapori. Manyoya halisi pia usiyabandike kwenye kadi. Mnunuzi akiyapenda atataka mengine, na hapo ndipo manati zinapoanza kutafuta kazi.

Hatua ya pili: kusanya karatasi na kutengeneza fremu

Karatasi bora ni ya madaftari yaliyojaa na mitihani ya zamani. Ongea na mwalimu wa shule ya jirani mwisho wa muhula. Mfuko wa saruji wa karatasi unatoa rojo (karatasi iliyolowekwa na kutwangwa) lenye nyuzi ndefu na karatasi imara ya kahawia. Ukung'ute nje mbali na watoto, ukiwa umejifunga kitambaa puani, kisha ufute kwa kitambaa kibichi. Trei za mayai zinafaa kwa kadi nene zenye vinyweleo. Magazeti changanya kidogo tu, kwa sababu karatasi yake ni dhaifu na wino unaifanya rojo kuwa ya kijivu.

Usitumie risiti za mashine. Karatasi ile imepakwa kemikali ili iandike kwa joto, na haipaswi kuingia kwenye beseni unaloshika kwa mikono. Boksi za juisi na karatasi zinazong'aa kama kioo nazo ziache, zina utando wa plastiki.

Fremu: mwombe fundi seremala vipande vya mbao, au vitafute kwenye mabaki yake. Unahitaji fremu mbili zinazolingana, nafasi ya ndani ikiwa sm 15 kwa sm 21. Kwenye moja pigilia wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, uliovutwa sawasawa hadi ukiugonga kwa kidole usilegee. Nyingine inabaki tupu na inawekwa juu ya ile yenye wavu ili kingo za karatasi zitoke zimenyooka. Kipimo hicho kinakupa karatasi ambayo ukiikunja katikati inakuwa kadi ya karibu sm 10.5 kwa sm 15, saizi inayoingia kwenye bahasha ndogo ya kawaida.

Hatua ya tatu: pika rojo na uinue karatasi

Ondoa pini na nyuzi. Chana karatasi vipande vya ukubwa wa stempu, usikate kwa mkasi, kwa kuwa kuchana kunaacha nyuzi ndefu. Loweka kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi twanga kwenye kinu, kidogo kidogo pamoja na maji, hadi usione tena herufi wala kipande. Blenda inafanya kazi hiyohiyo kwa haraka lakini inakata nyuzi. Kwa kadi mimi nachagua kinu, na umeme unabaki kwenye mita.

Unaweza kuongeza nyuzi za mgomba, na hapa mkoani migomba haikosekani. Chukua maganda makavu ya shina, kata vipande vya sm 2, chemsha kwenye maji ya majivu yaliyochujwa kwa saa mbili au tatu hadi yalainike, suuza mara kadhaa, kisha twanga. Vaa glavu wakati wa kuyashika, maji ya majivu yanachoma ngozi. Konzi moja ya nyuzi hizo kwenye ndoo ya rojo inatosha kuipa karatasi nguvu na mistari ya dhahabu ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza.

Sasa andaa uji wa muhogo: vijiko viwili vya chakula vya unga katika nusu lita ya maji, koroga motoni hadi uwe angavu. Mimina kwenye beseni pana pamoja na sehemu moja ya rojo na sehemu nne za maji. Uji huu usiuruke. Bila huo rangi itasambaa kwenye karatasi kama chai iliyomwagikia kitambaa.

Koroga beseni kwa mkono kila unapotaka kuinua karatasi. Shika fremu mbili pamoja, wavu ukiwa juu na fremu tupu juu yake. Ziingize wima upande wa mbali wa beseni, zilaze chini ya maji, kisha ziinue zikiwa sawa, kwa mwendo mmoja. Maji yakiwa bado yanachuruzika, tikisa taratibu mbele na nyuma, kulia na kushoto, ili nyuzi zishikane. Halafu acha. Ukiendelea kutikisa baada ya maji kuisha, unachana karatasi ambayo bado haijawa karatasi.

Ondoa fremu tupu. Tandika kanga kuukuu iliyoloweshwa juu ya meza, pindua fremu yenye wavu juu yake, bonyeza nyuma ya wavu kwa sifongo au kitambaa ili kunyonya maji, kisha nyanyua ukianzia upande mmoja. Karatasi itabaki kwenye kanga. Weka kanga nyingine juu yake na uendelee, safu juu ya safu. Mwisho weka ubao juu ya rundo na upande juu yake, au weka tofali, hadi maji yaache kutoka.

Kukausha kuna njia mbili. Ukianika karatasi juani ikiwa kwenye kanga yake, inakauka haraka lakini inajikunja. Ukiibandika ikiwa mbichi kwenye kioo cha dirisha au ubao laini, upande uliogusa kioo unatoka laini na tambarare, ndio wa kuchorea. Upepo wa ziwani mchana unang'oa karatasi, kwa hiyo bandika asubuhi, upande wa nyumba usioelekea ziwa.

Ukitaka kadi ya kupandwa, nyunyiza mbegu ndogo za mchicha juu ya karatasi ikiwa bado kwenye wavu, kisha inyunyizie rojo kidogo juu. Karatasi ya namna hiyo ikaushe siku hiyohiyo kivulini penye upepo, bila pasi wala jua la mchana. Ikikaa mbichi siku mbili mbegu zinaota kabla ya kadi kuandikwa. Na usitie mbegu za mmea usioujua. Hatutaki kusambaza magugu kwa njia ya salamu.

Hatua ya nne: rangi kutoka jikoni na kwa seremala

Nyeusi: saga mkaa, chekecha kwa kitambaa chembamba, changanya na uji mzito wa muhogo. Masizi ya chini ya sufuria ni laini zaidi, ila yanakataa maji. Weka tone la sabuni ya maji yatachanganyika.

Njano: vijiko viwili vya chai vya manjano kwenye robo kikombe cha maji ya moto, ongeza chembe za shabu, acha itulie, chuja. Manjano hupauka juani, kwa hiyo kadi zako usizianike dirishani mwa duka. Ndani ya bahasha inadumu. Chota sehemu ya njano hiyo weka pembeni, itie tone la maji ya magadi: inageuka nyekundu ya kutu palepale. Njano ya mnana na kidari cha chozi vimetoka kwenye kikombe kimoja.

Kahawia: chemsha konzi mbili za maganda makavu ya vitunguu katika nusu lita hadi maji yabaki nusu. Kwa kahawia iliyokolea zaidi, omba vumbi la mninga kwa seremala, lichemshe vivyo hivyo. Mninga una utomvu mwekundu na mti wake unatafutwa sana katika misitu ya miombo ya Kigoma na Tabora, ndiyo maana nasema vumbi, lile ambalo vinginevyo lingechomwa. Gome la mti ulio hai usiliguse.

Udongo mwekundu nao ni rangi nzuri ya mwili wa tetere. Ukoroge kwenye maji, subiri mchanga uzame, mimina maji yenye tope kwenye chombo kingine, acha usiku kucha, mwaga maji safi ya juu. Tope laini lililobaki changanya na uji.

Bluu ndiyo shida. Jikoni haimo kwa namna ya kudumu, na hapo sibabaishi, naenda kwa fundi cherehani.

Hatua ya tano: weka ndege kwenye kadi

Kwa kadi chache, chora kwa penseli kwa wepesi kisha upake kwa brashi. Anza na umbo la yai kwa mwili, duara dogo kwa kichwa, halafu mdomo na mkia kwa kufuata daftari lako. Jicho liwe la mwisho, na uache nukta ndogo ya karatasi isiyopakwa ndani yake. Nukta hiyo ndiyo inayompa ndege uhai.

Pale panapotakiwa kubaki peupe, kama kidari cha kunguru, sugua kwanza kipande cha nta. Rangi ya maji haitashika hapo. Nta nzuri ya nyuki inatoka Tabora na vijiji vya huku kwetu pia. Kwa mrina asali utaipata bila tabu.

Kwa kadi nyingi tengeneza mhuri. Soli ya ndala iliyochakaa inakatika vizuri kwa wembe na inashika rangi sawasawa. Ioshe, isugue kwa msasa upande mmoja hadi iwe tambarare. Chora ndege kwenye karatasi kwa penseli nyeusi, ilaze kifudifudi kwenye soli, sugua kwa mgongo wa kijiko, mchoro utahamia. Kata pembeni mwa mistari kwa kina cha nusu sentimita, wembe ukiinama kwenda nje ili kingo za mhuri ziwe na kitako kipana. Uelekeze wembe mbali na vidole, na mtoto asifanye hatua hii peke yake. Bandika soli kwenye kipande cha mbao. Kumbuka ndege atatoka amegeuka: aliyetazama kulia kwenye mhuri atatazama kushoto kwenye kadi, na herufi ni lazima zichongwe kinyumenyume.

Rangi ya mhuri iwe nzito, isidondoke kwenye kijiko. Ipake kwa kipande cha sifongo, usitumbukize mhuri ndani yake. Jaribu kwanza kwenye gazeti hadi alama itoke safi, kisha gonga kwenye kadi na ubonyeze kwa uzito wa mwili, bila kutikisa. Soli yenyewe haiozi, lakini ni chombo chako cha kazi, kinabaki kwako kwa mamia ya kadi na hakimfikii mpokeaji.

Na ile bluu: mafundi cherehani wana mifuko ya vipande vya vitenge wanavyotupa. Kuna kindege mdogo wa bluu anayeokota mbegu za majani uani, dume ana doa jekundu shavuni na jike hana. Kata mwili wake kwenye kitenge cha bluu, mbandike kwa uji mzito wa ngano, umalizie jicho, mdomo na miguu kwa wino wa mkaa. Mchoro wa kitenge ukilala kwenye mkunjo wa bawa, kadi hiyo itauzwa ya kwanza. Hakikisha kitambaa ni pamba: choma uzi mmoja. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukiona unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni plastiki, mrudishie fundi.

Hatua ya sita: maneno ya ndani

Yawe machache, na yaandikwe kwa mkono. "Heri ya Idd, Mama mdogo, na wote wa nyumbani." "Hongera kwa kumaliza darasa la saba." "Pole kwa msiba, tupo pamoja." Kwa mzee wa Kasulu au Buhigwe, anza na "Mwakeye", salamu ya Kiha, kabla ya Kiswahili, atafurahi. Kadi ya pole isiwe na mnana wa njano anayepiga mabawa. Tetere mmoja wa udongo, ametulia, anatosha.

Nyuma ya kadi andika jina la ndege na mahali ulipomwona, kwa mstari mmoja: "Shorewanda, mpapai wa jirani, Mwanga." Mimi ningeiacha kadi bila mapambo yote mengine kuliko kuacha mstari huu. Wapo watu wazima waliokaa na ndege hawa maisha yao yote bila kujua wanaitwaje, na kadi inawafundisha bila kuwasimamia.

Hatua ya saba: bahasha, kuhifadhi na kuuza

Bahasha fungua moja ya dukani, itandaze, itumie kuwa kipimo. Kata nyingine kwenye mifuko ya saruji iliyosafishwa, kalenda za mwaka jana au ramani za shule zilizochanika. Gundi ni uji wa ngano. Kama kadi zinauzwa, zifunge tano tano kwa uzi wa katani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hakuna sababu ya kutafuta vikaratasi vya nailoni vya kuzivalisha kadi ambazo hazihitaji.

Bei ipange kwa kuhesabu muda, maana malighafi karibu zote ni za bure na hapo ndipo watu hujipunja. Andika saa ulizotumia kutwanga, kuinua karatasi, kukata mhuri na kugonga, zigawe kwa idadi ya kadi, kisha jiulize siku yako ya kazi ina thamani gani. Wateja wapo wa aina mbili. Wenyeji wananunua kwa shughuli: harusi, mahafali, kipaimara, Idd. Wageni wanaopita mjini kuelekea hifadhi za Gombe na Mahale wanatafuta kitu chepesi cha kubeba. Wengi watakuuliza kadi ya sokwe, kwa kuwa wamekuja kwa ajili yao tangu kazi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall iliyoanza Gombe mwaka 1960. Sokwe wana wachoraji tele. Muoneshe mgeni mnana, kisha mnyooshee kidole mchikichi ulio nje ya geti ambako mnana huyo anafuma. Mara nyingi ananunua.

Kadi zilizobaki zihifadhi kwenye boksi la karatasi lililoinuliwa juu ya tofali, lisigusane na ukuta, pamoja na karafuu chache za kufukuza wadudu. Karatasi hii ina wanga wa muhogo ndani yake, na mende wanaujua wanga kuliko sisi. Fungua boksi kila wiki mbili wakati wa mvua, zipigishe hewa, na zile zilizoanza kuota madoa zirudishe kwenye ndoo ya kuloweka.